Usinunue Nguvu, Nunua Umri

Hotuba niliyoitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi, kuhusu kuchagua kompyuta ya kuchezea gemu za zamani. Nimeiandika kwa sababu waliosimama nje dirishani walilalamika kwamba hawakusikia vizuri.

Wazee wangu, mama zetu, yaya zangu (yaani kaka na dada zangu wakubwa) na wadogo zangu, jambo yenu.

Mimi ni mtu wa bisibisi, jukwaa silijui. Walionialika wameniomba niseme Kiswahili ambacho hata mgeni wa Bukavu au Kigoma atakielewa, kwa hiyo Kiswahili chetu cha Lubumbashi nimekiacha mlangoni. Kikijipenyeza humu ndani, mkikaribishe tu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaa huu alifika kibandani kwangu na kompyuta mpya. Mpya kabisa: RAM GB 16, kadi ya picha yenye feni mbili, taa za rangi zinawaka ndani ya sanduku kama baa ya Kamalondo siku Mazembe imeshinda. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu. Mkononi alishika CD ya mbio za magari ya mwaka 1997, mali ya kaka yake mkubwa, ambaye Mungu alishamchukua. Akaniambia, "Yaya, mashine hii inaweza kila kitu. CD hii peke yake ndiyo inakataa." Nikaifungua kwa kisoma-CD changu cha nje. Windows ikajibu kikavu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Kijana akauliza, "Niongeze RAM?"

Nikamjibu, "Mdogo wangu, ungeniletea mashine iliyochoka mara kumi kuliko hii, saa hizi tungekuwa tunashindana."

Anayetafuta kompyuta ya gemu za zamani huingia sokoni na akili ya mnunuzi wa ng'ombe: anatazama unene. Mimi namwomba aanze na gemu yenyewe, aulize ilitoka mwaka gani, halafu atafute mashine iliyozaliwa karibu na mwaka huo. Na kwetu hapa kuna sharti jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawahangaiki nalo. Atazame umeme wa nyumbani kwao ukoje.

Sasa mtu ataniuliza, inakuwaje nguvu izidi? Mbona lori kubwa linabeba hata mzigo mdogo?

PC ya kwanza ya IBM, mwaka 1981, ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya MHz 4.77. PC karibu zote za mwanzo zilikuwa na mwendo huo huo, basi waandishi wengi wa gemu hawakuona sababu ya kutazama saa. Waliacha prosesa ndiyo iwe saa. Zilipokuja mashine zenye kasi zaidi, nyoka aliyetakiwa kutambaa akawa risasi. Wazee waliofanya kazi ofisini zamani watakumbuka kitufe kilichoandikwa Turbo mbele ya sanduku. Wengi walidhani kinaongeza kasi. Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa na kasi yake siku zote, na kazi ya kile kitufe ilikuwa kuipunguza, ili programu za kale zisipagawe.

Kuna kisa kingine nakipenda, maana kinaonesha jinsi hesabu ndogo inavyoweza kuua. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, huanza kwa kupima kasi ya prosesa: zinahesabu zimezunguka mara ngapi ndani ya milisekunde 55, halafu zinagawanya. Kwenye prosesa zilizokaribia MHz 200 na kupita hapo, jibu la kugawanya likawa kubwa kuliko kisanduku cha bit 16 kilichoandaliwa kulipokea. Programu ikafa papo hapo na kuandika kosa namba 200. Mashine nzima, haina ubovu wowote, imeiua programu kwa kukimbia tu.

CD ya yule kijana ilikuwa na ugonjwa wa aina nyingine. Kisakinishi chake, yaani kile kiprogramu kidogo kinachoipanga gemu ndani ya diski, kiliandikwa kwa bit 16, muundo wa zamani, na Windows za bit 64, ambazo ndizo za leo, zimefunga kabisa mlango wa programu za bit 16. Hata ungeweka RAM ya nchi nzima. Wengine mtakutana na kufuli za kuzuia wizi, hasa ile iitwayo SafeDisc. Ilitumia draiva, yaani kiprogramu cha kuunganisha kifaa na mfumo, iliyoingia ndani kabisa ya mfumo, Microsoft wakaiona ni hatari, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuikubali tena. Kwa hiyo unaweza kuwa na CD halali, uliyoinunua kwa jasho lako, na bado ukazuiwa kwako mwenyewe kama mwizi.

Tuje kwenye mashine. Gemu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, nitazipita haraka, kwa sababu hazihitaji ununue kitu. Tangu mwaka 2002 kuna programu ya bure inaitwa DOSBox, inayoigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya kompyuta yako, na kasi unaipanga mwenyewe kwa vidole. Laptop yoyote ambayo haijaoza itaiendesha. Anayetaka 486 halisi ya chuma, yaani kompyuta yenyewe ya zama za DOS, namheshimu, ila huyo ni mfuga njiwa: ana mapenzi, hana hesabu. Akiipata, jambo la kwanza atazame betri ndogo ya mviringo iliyochomelewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Zile za nikeli na kadimiamu huvuja, na maji yake hula njia za shaba taratibu mpaka bodi inabaki mifupa. Aikate siku hiyo hiyo, kabla hajala.

(Hapo kwenye shaba nilikwenda pembeni kidogo, na nitakwenda tena. Kila nikifungua sanduku na kuona zile njia nyekundu chini ya rangi ya kijani, nafikiri juu ya bomba lile refu la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya shaba, na mlima mweusi wa taka za madini tunaouona kila siku. Huenda shaba hii ilitoka kwetu ikiwa vipande, ikazunguka dunia, ikaingia tena kwa mpaka wa Kasumbalesa ikiwa okazioni, yaani mtumba, nasi tukailipia mara ya pili.)

Zama zenye miiba ni zile za Windows 95 na 98, kuanzia 1996 hivi hadi 2001. Hapo DOSBox inaishiwa pumzi, na Windows za leo hazielewi. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi iitwayo Voodoo. Kadi ile ilijua kuchora vitu vya pande tatu na basi. Picha za kawaida za Windows haikuziweza, hivyo uliiweka pembeni ya kadi yako ya kawaida na kuziunganisha kwa waya kwa nyuma. Gemu nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa lugha ya kadi hiyo, Glide, ambayo kadi nyingine hazikuizungumza. Mwishoni mwa mwaka 2000 mali za 3dfx zikauzwa kwa NVIDIA, na Glide ikabaki yatima.

Leo watu wanazitafuta kadi za Voodoo kama watu wanaochimba malakiti, lile jiwe la kijani la shaba. Nawaomba msiingie kwenye shimo hilo. Wako mafundi waliotengeneza wakalimani: nGlide na dgVoodoo. Hukaa katikati, gemu ikisema Glide wao wanaigeuza kuwa Direct3D, lugha ya picha ya Windows, na kadi ya leo inaelewa. Zile nguvu za mashine mpya hapo zina kazi. Atakayeng'ang'ania kujenga mashine ya Windows 98 ajue kwamba mfumo ule unachanganyikiwa RAM ikizidi MB 512, na kwamba mazabodi nyingi za siku hizo haziioni diski inayozidi GB 137. Ukiweka diski ya GB 500 kwa kiburi, utashangaa mafaili yanaliwa. Hapa pia ukubwa hausaidii.

Lakini mimi najua ninyi mnataka nini. Kijana wa Lubumbashi akisema gemu za zamani, hana habari na mwaka 1993. Anasema San Andreas, Vice City, PES 6, Counter-Strike 1.6. Wakubwa kidogo wanaongeza Age of Empires II. Hizi ni gemu tulizocheza kwenye vibanda, watoto wanane kwenye kioo kimoja, kila mmoja na dakika zake, na mwenye kibanda ameshika saa kama mwamuzi. Zote hizo zinaingia katika miaka ya 1999 hadi 2006, na nyumba yao ya asili ni Windows XP, iliyotoka mwaka 2001.

Tazameni mahitaji yao. Age of Empires II iliomba Pentium ya MHz 166 na RAM ya MB 32. San Andreas ya kompyuta, mwaka 2005, iliomba Pentium III ya GHz 1, RAM ya MB 256 na kadi ya picha ya MB 64. Hiyo ni mashine ambayo ofisi za mjini zimeshaitupa. Na ukiipeleka San Andreas kwenye mashine kali ukazima kidhibiti cha fremu kilichomo kwenye mipangilio yake, hesabu za mwendo zinaanza kwenda upande, kwa sababu ziliandikwa kwa picha chache kwa sekunde. Kiacheni kimewashwa. Age of Empires II nayo, kwenye Windows 7, rangi zinaharibika: maji yanakuwa zambarau, majani yanakuwa mekundu. Kisa ni kwamba gemu inatumia rangi 256 tu, na dirisha la Windows lenyewe linamnyang'anya kisahani cha rangi. Kwenye XP hamtaliona jambo hilo hata siku moja.

Basi ununue nini? Jibu langu halitawafurahisha wenye kupenda taa za rangi. Nunua laptop ya ofisi iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2007, yenye kadi yake ya picha, isiyotegemea chipu ya picha ya Intel iliyojengewa ndani.

Nilikuja na ushahidi. Pale mezani kuna sanduku la Pentium 4 na kioo cha chogo, kile kizito cha zamani chenye mgongo mrefu, na pembeni yake laptop, ThinkPad T60 ya mwaka 2006. Zote mbili zinaonesha mchezo mmoja. Nilitegemea umeme ukatike nikiwa nazungumza ili mjionee wenyewe, na tangu asubuhi nimeomba dua. Leo ndiyo siku wameamua kutuheshimu! Basi nitafanya kazi yao. Nachomoa waya wa ukutani.

Mmeona. Kioo cha chogo kimekuwa giza, na aliyekuwa anakaribia kufunga goli amelipoteza. Huyu wa laptop hana habari, anaendelea kukimbia.

Watu wanasema hapa tuna mto na tuna Inga, bwawa kubwa la umeme. Ni kweli, waya wa Inga unasafiri zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kolwezi, na mto Lualaba unafanya kazi usiku na mchana. Lakini mnajua delestaji ilivyo, huko kukatiwa umeme kwa zamu, na mnajua umeme wa saa moja jioni, ule unaowasha taa ikawa nyekundu kama kaa la makala, yaani mkaa. Sanduku la Pentium 4 likipata umeme ule linazima na kuwaka, linazima na kuwaka, mpaka diski inalia. Chaja ya laptop imeandikwa mgongoni volti 100 hadi 240. Umeme ukishuka mpaka 150, yeye anaendelea kunywa polepole. Hivyo ndani ya laptop mmepewa bure vitu viwili ambavyo mwenye sanduku anavinunua kando: stabilizateri, yaani kituliza umeme, na betri ya akiba.

Wenye sola wanisikilize hapa. Prosesa ya Pentium 4 ya GHz 3 ya aina ya Prescott peke yake huchota hadi wati 89. Prosesa za Pentium M za kizazi cha pili, zilizowekwa kwenye laptop za wakati huo huo, zilichota wati 21 au 27, na Core 2 Duo ya T60 kama hii ni wati 34. Tuseme una betri ya ampea 100 ya volti 12. Ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiinyonya kupita nusu unaiua, basi zimebaki 600. Konvertisa, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, nayo inakula chake, tuseme umebaki na 510. Sanduku na kioo cha chogo, jumla wati 200, utacheza saa mbili na nusu na nyumba yote iko gizani. Laptop ya wati 40, utacheza saa 12, na mama atakufukuza kitandani kabla betri haijaisha.

Sasa sokoni. Ukienda soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, au kwa wale wanaopanga mashine barabarani, muuzaji atakuwashia, utaona picha ya Windows, ataizima haraka. Mwombe aiache nusu saa. Magonjwa mengi ya mashine hizi ni ya joto. Dakika tano za kwanza kila mgonjwa ni mzima. Jaribu kila kitufe. Funika tundu la hewa kwa kiganja kidogo tu uone feni inabadilisha sauti. Harufu ya vumbi lililoungua si neno, vumbi letu la kiangazi linaingia hata ndani ya yai, na brashi ya rangi italiondoa. Harufu ya samaki au ya tindikali, rudisha na uondoke.

Kwenye T60 tafuta yenye kadi ya picha iliyoandikwa ATI X1300 au X1400. Zile zenye Intel GMA 950 ni nzuri kwa kuandikia barua, San Andreas inaziumiza. ThinkPad T42 na T43 zinafaa pia, ila msiziinue kwa kona moja kama sinia: bodi inapinda na vidonge vya risasi chini ya chipu ya picha vinapasuka. Na laptop za 2007 na 2008 zenye chipu ya picha ya GeForce 8400M au 8600M zikimbieni hata mkipewa kwa bei ya muhogo. Chipu zile zilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Mwezi Julai 2008 NVIDIA wenyewe walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya tatizo hilo. Zinakufa hata ukizilea.

Kwa anayetaka sanduku kwa nguvu, najua mpo, nyuma ya pawa saplai kuna swichi ndogo nyekundu. Inaandikwa 115 au 230. Sanduku likitoka Marekani, swichi iko kwenye 115. Mimi nilipoanza kazi hii nilichomeka moja bila kutazama, kwenye volti 220 zetu. Ulisikika mlio kama wa bastola, jirani akaja na panga. Tangu siku hiyo, kabla sijasema jambo kwa mteja, mkono wangu uko nyuma ya sanduku.

Halafu fungua ubavu, utazame kapasita, zile zinazofanana na makopo madogo yamesimama kuzunguka prosesa. Kichwa kiwe bapa kama meza. Kikiwa kimevimba, au kuna uchafu wa kahawia umetoka juu, ni ile tauni ya kapasita iliyozikumba mashine za kati ya 1999 na 2007. Haimaanishi utupe. Inamaanisha bei ishuke. Fundi anaweza kuzibadilisha, awekee mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na joto la nyuzi 105. Na wenye kununua kadi za AGP, aina ya kadi za picha za masanduku ya zamani, wajue kwamba za mwanzo zilitumia volti 3.3 na za baadaye 1.5. Kuna pengo kwenye meno ya kadi la kuzitofautisha. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Inajua zaidi yako.

Ukisharudi nyumbani utakutana na ukuta mmoja wa mwisho. Unaweka CD ya XP, inapakia vizuri, ghafla kioo cha bluu. Wengi huja kwangu hapo wakisema laptop ni mbovu. XP haikuja na draiva za diski za SATA zikiwa katika mpangilio wa AHCI. Ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza, tafuta mahali palipoandikwa SATA, toa AHCI uweke Compatibility au IDE, mambo yamekwisha. Nimewaambia bure, nimejinyima chakula cha Jumatatu. Na msiitie hiyo XP intaneti. Microsoft waliacha kuitibu tarehe 8 Aprili 2014. Virusi vya miaka yote tangu hapo vinaingia kwake kama kwao. Gemu na draiva zipakue kwenye mashine nyingine, uhamishe kwa flashi. Mwenye kadi ya benki na megabaiti za kutosha anaweza kununua gemu za kale zilizokwisha tibiwa huko GOG, duka la Poland lililofunguliwa mwaka 2008, hazina kufuli. Sisi wengine tuna CD.

Palikuwa na maswali. Mama mmoja anayeuza makala pale njia panda aliuliza, na swali lake lilikuwa bora kuliko hotuba yangu: "Fundi, mashine ya 2006 ni mzee tayari. Namnunulia mtoto, atakufa lini?"

Nilimjibu hivi. Mama, kitakachokufa kwanza ni betri, na pengine imeshakufa. Muuzaji asikufiche, chomoa chaja mbele yake uhesabu dakika. Kisha diski, kwa sababu inazunguka, na kila kinachozunguka huchoka. Kwenye T60 utaweka SSD ndogo ya SATA, diski isiyozunguka, bila matatizo. Kwenye T42 diski ni ya IDE, aina ya zamani, yenye pini 44, basi kuna kiadapta cha kuvalisha kadi ya CompactFlash ikajifanya diski, na haina kelele kabisa. Betri ya BIOS nayo ni kidonge cha CR2032. Kikiisha mashine inasahau tarehe na mipangilio ya BIOS. Prosesa haifi. Sijawahi kuzika prosesa.

"Na kioo?" akauliza. Tafuta kile cha umbo la 4 kwa 3, kilicho karibu na mraba. Gemu hizi zilichorwa kwa umbo hilo. Ukizitanua kwenye kioo kipana, Ronaldinho anakuwa mnene.

Nimebakiza yule kijana wa CD. Kompyuta yake mpya hatukuitupa. Niliruka kisakinishi, nikanakili mafaili ya gemu kwa mkono, nikamweka dgVoodoo katikati, na magari yakakimbia. Siku ya tatu akarudi. "Yaya, inaenda, lakini haina muziki. Kwa kaka ilikuwa na muziki." Nikacheka, maana nilikuwa nimesahau. Gemu nyingi za miaka ile ziliweka muziki kwenye CD kama nyimbo za kawaida za redio, nje ya mafaili. Wimbo namba 1 ni gemu yenyewe. Kuanzia namba 2 ni muziki. Mimi nilikuwa nimenakili mafaili, muziki nimeuacha kwenye CD, na mashine ile mpya haina hata mdomo wa kuilia CD.

Tukatafuta laptop ya ofisi, ya 2005, yenye mdomo. XP, CD ndani, bila wakalimani. Akaja kuichukua pamoja na mama yake, aliyekuwa amekuja kuhakikisha sijampiga bei. Wimbo namba 2 ulipoanza, mama akasema, "Huu naujua. Mkubwa alikuwa anauweka kwenye redio, nilidhani ni wa Waingereza fulani." Kumbe marehemu alikuwa akiitia CD ile ile kwenye redio ya nyumbani, akiruka namba 1 yenye makelele, siku ambazo hapakuwa na zamu yake kibandani.

Laptop ni hiyo hapo mezani ya tatu, kijana ameileta mwenyewe. Nirudishieni waya ukutani, kioo cha chogo nacho kiwake. Wenye CD wazilete mbele, na mzifute kwanza, kutoka katikati kwenda nje, msifute kwa kuzungusha.